Mwalimu Atafutaye Udaktari: Kwa Faida ya Nani?

Siku hizi si jambo la ajabu kusikia kwamba mkuu wa shule fulani, au katibu wa elimu wa jimbo, au mtawa aliyekabidhiwa shule ya shirika lake, amejiandikisha katika chuo kikuu ili apate shahada ya udaktari katika uongozi wa elimu. Zamani shahada hiyo ilidhaniwa kuwa ya maprofesa tu. Leo huitafuta watu wenye jamaa ya kulisha, wenye vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha, ambao huketi mbele ya vitabu wakati majirani zao wamekwisha lala. Wengine wametumwa na maaskofu au wakubwa wa mashirika yao. Wengine hujilipia wenyewe, pengine kwa mkopo.

Majirani huuliza: “Ataka nini tena, naye ni mkuu tayari?” Swali hilo tusilidharau. Miaka mitatu, minne, hata sita ya maisha ya mwalimu mwema si kitu kidogo. Ada ya chuo si kitu kidogo. Na watoto wanaomngoja shuleni ndio wakubwa kuliko vyote hivyo. Yafaa basi tujifunze shahada hii ni kitu gani, imetoka wapi, na ni kwa masharti gani yaweza kuwa baraka kwa shule zetu.

I. JINA LA DAKTARI LATOKA WAPI?

Katika lugha yetu neno daktari latukumbusha kwanza hospitali, dawa na sindano. Lakini asili yake ni Kilatini, nalo latokana na kitenzi chenye maana ya kufundisha. Daktari, kwa asili ya neno, ni mwalimu. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama vile Bologna na Paris, aliyepewa cheo hicho alikuwa amekwisha pimwa na walimu wenzake na kuonekana kuwa astahili kufundisha. Wale watakatifu ambao Kanisa huwaita Walimu wa Kanisa, kwa Kilatini jina lao ni hilo hilo la daktari.

Mama Kanisa aliona mapema hatari ya kuifanya ruhusa ya kufundisha kuwa bidhaa. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, uliokutana Roma mwaka 1179, uliamuru kwamba kila kanisa kuu liwe na mwalimu wa kuwafundisha makleri na wanafunzi maskini bila malipo. Tena ukakataza mtu ye yote kutoza fedha kwa ajili ya ruhusa ya kufundisha. Ni zaidi ya miaka 800 sasa, na onyo hilo halijachakaa.

Kiswahili nacho kimeipa shahada hii jina zuri, yaani uzamivu. Wahenga walisema elimu ni bahari. Basi mwenye kuitafuta shahada hii ni mzamiaji. Lakini mzamiaji hazami ili akae chini ya maji, wala hazami ili watu wa pwani wamsifu kwa kuvuta pumzi ndefu. Huzama ili aibuke na kitu mkononi. Tukishika mfano huo, tutakuwa tumeshika nusu ya somo letu.

II. UGOMVI WA MAREKANI, NA FUNDISHO LAKE KWETU

Udaktari uliowekwa hasa kwa ajili ya viongozi wa shule ulikua nchini Marekani, na mabishano yaliyotokea huko yatuhusu na sisi. Mwaka 1893 Teachers College ya New York ilitoa shahada yake ya kwanza ya Ph.D. katika elimu. Mwaka 1920 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua shule ya elimu, kikaweka shahada nyingine iitwayo Ed.D., maana yake udaktari wa elimu. Nia ilikuwa kutenga njia mbili: moja ya mtafiti atakayebaki chuoni akiandika vitabu, na nyingine ya mtendaji atakayerudi kuongoza shule.

Kwa miaka mingi njia hizo mbili zilichanganyika. Mwalimu mkuu aliyekuja chuoni na matatizo ya shule yake alifundishwa kuandika tasnifu kama mtafiti wa chuo. Alipomaliza, tasnifu ikawekwa rafuni, naye akarudi kazini na matatizo yale yale aliyoyaacha.

Mwaka 2005 Arthur Levine, aliyekuwa rais wa Teachers College yenyewe, alitoa taarifa iliyowachoma wengi. Alisema kwamba mafunzo mengi ya viongozi wa shule nchini mwake ni hafifu. Kwamba vyuo vingine vyayatumia kama ng'ombe wa maziwa wa kujipatia fedha. Na kwamba walimu wengi huzifuata shahada kwa sababu mishahara yao hupanda kwa kuhesabu vyeti. Akashauri shahada ya Ed.D. katika uongozi wa shule ifutwe kabisa.

Wengine waliona afadhali kuitibu shahada kuliko kuizika. Mwaka 2007 vyuo vikuu kadhaa viliungana katika mpango uitwao Carnegie Project on the Education Doctorate, ambao leo una vyuo zaidi ya 100. Shauri lao kubwa ni hili: mwanafunzi wa shahada hii aanze na tatizo halisi la kazi yake, alichunguze kwa njia za kitaalamu, ajaribu dawa yake, apime matokeo, na tasnifu yake iwe habari ya kazi hiyo. Harvard nayo, mwaka 2010, ilianzisha udaktari mpya wa uongozi wa elimu, ambao mwanafunzi wake huumaliza kwa kufanya kazi mwaka mzima ndani ya ofisi ya elimu au shirika linaloshughulika na shule.

Ugomvi huo wote haukuwa juu ya herufi zinazofuata jina la mtu. Ulikuwa juu ya swali moja: je, swali la utafiti lazaliwa shuleni, na jibu lake larudi shuleni? Hilo ndilo swali tulilo nalo sisi pia.

III. KIONGOZI ANA UZITO GANI?

Huenda mtu akasema: “Mwenye kumfundisha mtoto ni mwalimu wa darasani, mkuu ana kazi gani ila kusaini barua na kupiga kengele?” Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood na wenzake, baada ya kupitia tafiti nyingi, walieleza kwamba kati ya mambo ya shule yanayomsaidia mtoto kujifunza, ufundishaji wa darasani ni wa kwanza, na uongozi ni wa pili. Mwaka 2021 Jason Grissom, Anna Egalite na Constance Lindsay, wakitumia takwimu za Marekani, walionyesha kwamba shule ikimpata mkuu hodari mahali pa mkuu dhaifu, wanafunzi wake hupata kwa mwaka faida iliyo karibu sawa na miezi mitatu zaidi ya masomo, katika hesabu na katika kusoma.

Tena faida ya mwalimu mmoja ni kwa darasa lake. Faida ya mkuu huenea shule nzima. Vivyo hivyo na hasara. Mkuu mvivu huwavunja moyo hata walimu wenye bidii.

Lakini msomaji na aangalie vizuri. Wataalamu hao hawakusema kwamba mkuu hodari ni yule mwenye shahada kubwa kuliko wenzake. Walipotaja kazi zake walisema kwamba huzungumza na walimu wake juu ya ufundishaji wenyewe. Huijenga hali njema ya shule. Huwafanya walimu washirikiane. Na huwapanga watu na mali kwa akili. Udaktari wenye kumwongezea mkuu nguvu katika kazi hizo ni mali. Udaktari usiomwongezea kitu katika hizo ni pambo la ukutani.

IV. DAKTARI ALIYESHUKA DARASANI

Tunaye msimamizi katika jambo hili. Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle alizaliwa mjini Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika jamaa yenye mali na heshima. Alikuwa kanoni wa kanisa kuu angali kijana, akapadirishwa mwaka 1678, na mwaka 1680 akapata udaktari wa teolojia. Njia ya vyeo vikubwa ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini mwaka 1679 alikuwa amemsaidia mlei mmoja, Adrien Nyel, kufungua shule ya watoto maskini mjini humo. Akaona walimu wenyewe hawana malezi wala mpango, hawajui wafundishe nini asubuhi na nini jioni. Akawakaribisha mezani pake. Kisha, mwaka 1681, akawaingiza wakae nyumbani mwake, na jamaa zake wakachukizwa sana. Mwaka 1683 aliacha ukanoni, na wakati wa njaa ya 1684 na 1685 aligawa mali yake kwa maskini. Hivyo likajengeka Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo.

Kwa somo letu, yafaa tutazame jinsi alivyoitumia elimu yake. Hakujifungia chumbani akawatungia walimu sheria. Kile kitabu chao cha kuendesha shule kilitoka katika mazungumzo mengi na mabruda wenye uzoefu, baada ya mambo kujaribiwa darasani miaka mingi. Kilipigwa chapa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo mna mambo madogo madogo: wanafunzi wapangwe vipi, wasomeshwe vipi wengi kwa pamoja, mtoto asiyehudhuria atafutwe vipi. Watoto walianza kusoma kwa Kifaransa, lugha waliyoisema nyumbani, wala si kwa Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Huyu alikuwa daktari, naye alijua hesabu ya watoto waliokosa shule. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 alimtangaza kuwa msimamizi wa walimu wote.

V. KAZI YENYEWE ILIVYO

Wengi hudhani masomo ya udaktari ni kukariri vitabu vingi kuliko watu wengine. Sivyo. Mwanafunzi huanza kwa masomo ya darasani na mitihani; kisha huandika pendekezo la utafiti, naye hupewa msimamizi; hukusanya habari, huandika tasnifu, na mwisho husimama mbele ya waamuzi kuitetea. Tutoe mfano wa kubuni ili jambo lieleweke.

Tuseme mkuu wa sekondari moja ya kutwa aona wanafunzi wa kidato cha pili hukosa shule mara kwa mara. Walimu husema: “Watoto wa siku hizi ni wavivu.” Mkuu asiyechunguza ataandaa fimbo. Mkuu anayesomea udaktari huanza na daftari la mahudhurio. Ahesabu mwaka mzima, siku kwa siku, jina kwa jina. Aona kwamba wakosaji wengi ni wasichana, kwamba siku yao kubwa ya kukosa ni siku ya mnada, na kwamba wengi watoka ng'ambo ya mto. Aenda kwa wazazi, aketi, asikilize. Atambua kwamba mama huenda mnadani kuuza, na binti mkubwa hubaki kuwalea wadogo. Uvivu uko wapi hapo?

Kisha asoma yale waliyoyaona wengine penginepo kuhusu jambo kama hilo. Apatana na paroko na wazazi kwamba shule ya watoto wadogo ya parokia ifunguliwe siku ya mnada mapema kuliko siku nyingine, iwapokee wale wadogo. Baada ya muhula ahesabu tena. Tuseme mahudhurio yamepanda. Hapo ndipo waamuzi wa chuo humwuliza swali gumu: “Wajuaje kwamba sababu ni mpango wako? Labda mvua zilikoma tu na mto ukapungua.” Kama ni mwanafunzi mwema, jibu analo, maana aliwalinganisha na wanafunzi wa ng'ambo hii ambao hawavuki mto. Na kama mahudhurio hayakupanda, ataandika hivyo bila haya, kwa kuwa kujua dawa isiyoponya ni elimu pia.

Faida ya udaktari basi ni kuzoeza akili isikubali jibu la kwanza, hasa lile linalowalaumu wanyonge. Mtu aliyezoea kufikiri hivyo hatarudi tena kuongoza kwa kukisia, wala hataogopa kuulizwa na walimu walio chini yake, kwa maana yeye mwenyewe amekwisha ulizwa mbele ya waamuzi.

VI. HATARI TATU

Ya kwanza ni majivuno. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yuko mtu ambaye, akiisha kuitwa daktari, hajibu tena akiitwa mwalimu. Bwana wetu katika Injili aliwaonya wanafunzi wake juu ya kupenda majina ya heshima na viti vya mbele. Na hapa kwetu twamkumbuka Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, akasoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, kisha akafundisha Pugu. Vyuo vikuu vilimtunukia shahada za udaktari wa heshima, lakini jina alilolichukua hata kaburini ni Mwalimu.

Ya pili ni udanganyifu. Wako wanaowalipa wengine wawaandikie tasnifu. Wako wanaonakili kazi za watu. Na sasa zimekuja programu za kompyuta ziwezazo kuandika kurasa kwa dakika chache, wakajitokeza wa kuweka jina lao juu ya kurasa hizo. Mkuu wa shule afanyaye hivyo atamwadhibu kwa uso gani mtoto aliyeibia mtihani? Cheti cha namna hiyo ni kilemba cha ukoka. Wala tusidhani ni dhambi ndogo: ni uongo, tena ni wizi, na wanaodhulumiwa ni watoto, waliopewa kiongozi ambaye siye.

Ya tatu ni kuacha kazi nusu, na kuacha shule yatima. Kazi hii ni ndefu. Uchunguzi wa Council of Graduate Schools ya Marekani, uliotolewa mwaka 2008, uliona kwamba kati ya wanafunzi 100 walioanza shahada ya Ph.D., waliomaliza katika muda wa miaka 10 walikuwa kama 57 tu. Wanaoanguka njiani si wajinga. Wengi huelemewa na kazi, jamaa na fedha. Tena wako wanaomaliza vizuri lakini hawarudi. Shule ilimtoa mkuu wake mwema, ikavumilia miaka minne chini ya kaimu, ikamngoja. Naye akapata kiti chuoni au katika ofisi ya mjini. Hatusemi kila anayehama ni mkosefu, kwa kuwa vyuo navyo vyahitaji walimu wenye kuijua shule. Lakini aliyetumwa kwa fedha za waamini ana deni, na deni hulipwa.

VII. TUFANYE NINI?

Kwanza, mwalimu anayetaka kuanza ajiulize: Ni swali gani la shule yangu linaloninyima usingizi? Kama hana swali, angoje kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ajue yuainamia nini.

Pili, wenye madaraka wasimtume mtu kwa ajili ya kumtuza, wala kwa ajili ya kumwondoa. Wapatane naye kwa maandishi: atachunguza jambo gani la shule za jimbo, nani atashika nafasi yake, atarudi kazi gani. Akirudi wampe nafasi ya kutumia alichojifunza. Ni aibu kumsomesha mtu kwa miaka mingi kisha kumfungia katika kazi ya kugonga mihuri. Tena si kila kiongozi ahitaji udaktari. Walio wengi watafaidi zaidi kwa mafunzo mafupi ya uongozi, kama yale yanayotolewa na ADEM kule Bagamoyo. Kwa elimu ya juu, Kanisa lina vyuo vyake karibu nasi: kile cha Nairobi kilichoanzishwa na maaskofu wa Afrika ya Mashariki mwaka 1984, na kile cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, kilichokuwa chuo kikuu mwaka 1998. Asomaye karibu aweza kuitembelea shule yake mara kwa mara.

Tatu, sisi waamini na wazazi tumsaidie mwenye kusoma. Mwanamke mwalimu anayesoma huku akipika, akifua na kulea, asiachwe peke yake. Mumewe, wakwe na jumuiya washike sehemu ya mzigo. Wala tusimwongezee majivuno kwa sherehe kubwa kuliko kazi yake. Atakaporudi tumwulize kwa upole: “Umetuletea nini?”

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wito wa mwalimu wadai karama za akili na moyo, matayarisho ya uangalifu, na utayari wa siku zote wa kujifanya upya. Mwalimu anayetafuta udaktari kwa nia njema aitii sauti hiyo. Wahenga nao walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Shahada itakayomrudisha mwalimu kwa watoto, mwenye macho makali zaidi na moyo mpole zaidi, tuiombee na tuigharimie. Shahada itakayomtenga nao, hata ikiwa na muhuri wa chuo kikubwa namna gani, haitatufaa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Ni tatizo gani la shule yetu ambalo tumezoea kulieleza kwa neno “uvivu” bila kulichunguza?

2. Kama jimbo lina fedha za kumsomesha mtu mmoja tu, je, tumtume mkuu mmoja kwenye udaktari, au wakuu kumi kwenye mafunzo mafupi? Tutoe sababu.

3. Katika parokia yetu yuko mwalimu anayesoma huku akifanya kazi? Tumemsaidiaje mwezi huu?